Tangi la Khaemba

Khaemba alimpiga Muhidin kwa mpira wa maji ule ule uliowaua samaki.

Ilikuwa Jumanne asubuhi mjini Kisumu, mwaka wa themanini na nane, baa bado imefungwa na viti vimepinduliwa juu ya meza. Muhidin alikuwa ameitwa kwao Kaloleni aje upesi. Alipoingia alimkuta Khaemba, mwenye baa, amesimama mbele ya tangi kubwa la kioo lililochukua karibu ukuta mzima kando ya kaunta. Juu ya maji ulitanda utando wa rangi nyingi, kama ule unaoonekana kwenye kituo cha mafuta baada ya mvua. Fulu, vile visamaki vya miambani vyenye wekundu na samawati, walikuwa wanaelea ubavu. Mbuta, samaki mkubwa ambaye kwa ajili yake baa iliitwa Samaki Hai, alikuwa amelala chini kwenye changarawe, mdomo wazi.

Watu walikuwa wakija kumwona mbuta huyo kila Jumamosi alasiri. Khaemba alikuwa akipanda juu ya kreti na kuwamwaga fulu wakiwa hai ndani ya tangi. Mbuta aliwafukuza huku na huku na kuwameza mmoja mmoja, na wateja walipiga meza na kupiga mayowe. Maji yakichafuka kwa magamba na damu, ndipo walipozidi kushangilia. Kazi ya Muhidin ilikuwa kuja kila Jumatatu kuondoa ule uchafu, kama alivyofanya jana yake.

"Nusa," Khaemba alimwambia.

Muhidin aliinama akanusa. Dizeli.

"Mpira wangu ulipasuka, Mzee," alisema. "Nikaazima mwingine pale gereji. Niliuosha kwa sabuni, wallahi, niliuosha sana."

"Uliosha." Khaemba alimgeukia Wanyonyi, mpwa wake, mtu wa mabega mapana aliyekuwa akilinda mlango wa baa. "Shika huyu mutu."

Wanyonyi alimkamata Muhidin mikono kwa nyuma. Khaemba aliukunja mpira mara mbili, akaanza. Alipiga mabega, akapiga shingo, akapiga uso. Hakuwa na haraka. Ncha moja ya mpira ilikuwa na kichwa cha shaba cha kufungia kwenye bomba, na mkunjo ulipomponyoka Khaemba, shaba ile ilimpata Muhidin kwenye jicho la kushoto. Lornah, mhudumu aliyekuwa akipiga deki nyuma ya kaunta, alisikia sauti ya pigo hilo. Baadaye alisema ilikuwa kama yai linapogongwa kwenye ukingo wa sufuria.

Walimtupa nje kando ya barabara. Mtu wa mkokoteni alimpakia juu ya magunia ya mkaa, akamsukuma mpaka hospitali. Jicho halikuokoka.

Dada yake mkubwa aliitwa Zeituni. Aliwahi kuolewa Mumias, ndoa ikavunjika, akarudi kwenye nyumba ya kanjo, ile ya halmashauri ya mji, ambamo marehemu baba yao, mzee Mbarak, aliwalea. Mzee huyo alikuwa fundi wa vioo, na aliwafundisha wanawe wote wawili kukata kioo na kujenga matangi ya samaki. Tangi la Khaemba lilikuwa kazi ya mikono yake. Muhidin alirithi upole wa mama. Zeituni alikuwa mtu wa hasira za karibu, na hakuwahi kuona haya kwa hilo.

Alikwenda kushtaki. Askari aliyekuwa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani dizeli iliingia aje kwa maji ya mtu?"

"Ndugu yangu alikosea. Lakini kosa linalipwa kwa jicho?"

"Yule mbuta nilikuwa namwona kila Jumamosi," askari alisema kwa masikitiko ya kweli. "Enda nyumbani, mama. Shukuru amebakisha moja."

Muhidin hajamaliza wiki nyumbani, Khaemba akaja Kaloleni. Aliketi barazani bila kukaribishwa, kofia juu ya goti. Kando yake, kwenye ubao mrefu, yalipangwa matangi madogo ambayo Zeituni alikuwa ameyajenga kwa ajili ya wateja wengine. Wanyonyi alisimama hapo na nondo mkononi.

"Nimekuja kwa amani," Khaemba alisema. Wanyonyi akavunja tangi la kwanza.

"Nataka tangi yangu iwe na samaki kabla ya Krismasi." La pili likavunjika. Vipande viliruka mpaka kwenye sufuria ya uji.

"Nataka mbuta ingine. Nataka maji safi kila wiki. Na huyu ndugu yako ndiye atasafisha, kwa sababu yeye ndiye aliharibu."

"Ndugu yangu haoni vizuri," Zeituni alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, miguu peku, vioo vimemzunguka.

"Jicho moja inatosha kuona changarawe." Khaemba aliinuka, akavaa kofia. "Ama achague kama anataka kubaki nayo."

"Nitakuja mimi."

"Mwanamke?"

"Baba alinifundisha mimi kabla hajamfundisha yeye."

Khaemba alimtazama, akacheka kidogo. "Mtakuja wote wawili," alisema.

Walipoondoka Zeituni alifagia vioo mpaka vidole vikatoka damu. "Nitamuua," alimwambia Muhidin. Hakupaza sauti. Muhidin alikuwa amelala na uso ukutani. "Usiseme hivyo, dada," alijibu. "Nakujua. Ukisema utafanya."

Jumapili walikwenda pamoja soko la Kibuye. Muhidin alikuwa na bandeji usoni na alijigonga kwa kila mtu aliyepita upande wake wa kushoto. Zeituni alikuwa amemwambia abaki, akakataa. "Safari hii kila kifaa nakichagua mimi," alisema. "Kimoja kimoja."

Muuza mipira alikuwa na rundo la iliyokwishatumika. Muhidin alipiga magoti na kuanza kuinusa kila mmoja ncha zote mbili, akivuta pumzi mpaka mwenye mali akamuuliza kama anatafuta gundi. Mmoja ulinuka mafuta ya taa. Mwingine ulinuka sabuni, naye akaurusha mbali. Mmoja mweusi haukunuka kitu, lakini alipoukunja ulijibana katikati na akajua maji yangekatika kila mara. Mwisho waliacha vitu vya mitumba wakaingia duka la vifaa vya ujenzi, wakaomba mpira mpya, ule mweupe unaoonyesha kinachopita ndani.

"Chukua ule mnene," Zeituni alisema. "Tumalize haraka tutoke mle ndani."

"Mnene utanyonya maji yote kabla hatujafika nusu ya changarawe. Halafu uchafu ubaki, na samaki wabaki wanatapatapa kwenye tope."

"Basi mwembamba."

"Mwembamba hauna nguvu. Unalamba juu juu." Alichukua wa unene wa kidole gumba, akapuliza ndani, akautazama dhidi ya mwanga. Aliuviringisha, ukamfunguka mikononi. Zeituni aliuchukua akaubeba yeye.

Kwa mdomo wa mpira walichagua chupa ya plastiki ya juisi, ndefu, yenye shingo pana. Wangeikata kitako na kuifunga shingo kwenye mpira kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ukiisimika chupa kwenye changarawe huku maji yanavutwa, mawe yanapanda, yanazunguka, uchafu mwepesi unapaa na kuingia mpirani, na mawe yanarudi chini. Chupa ikiwa fupi, mawe nayo yanapanda mpaka mpirani na kuuziba. Muhidin alipima urefu kwa kiganja na kukataa chupa nyingi kabla hajaridhika.

Mwanamke mmoja aliwaletea ndoo zilizokuwa za rangi ya nyumba, zimesuguliwa ziking'aa. Muhidin aliiweka chini ile aliyopewa kama kwamba imemchoma. Walinunua ndoo mpya, na mapipa yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, ya kulazia maji ya bomba mpaka ile dawa ya kuua vijidudu ipae. Zeituni alitia alama ya msumari kwenye kila ndoo ili mtu wa baa asije akazifulia nguo.

Kwa kukwangua ukungu kwenye vioo walihitaji nyembe tu na kibao cha kuzishika. Lakini Zeituni alisimama kwa muuza visu. Alichukua kisu kirefu chembamba, cha aina inayotumiwa na wanawake wa ufuoni kupasulia mbuta.

"Cha nini hicho?" Muhidin aliuliza.

"Cha kukwangulia."

"Tunakwangua kwa wembe."

"Pembeni wembe haufiki."

Muhidin alimtazama kwa jicho lake moja. Zeituni akakitia kisu kwenye kikapu, chini ya vitambaa.

Siku ya kwanza pale baa walitoa maji yote. Changarawe yenye mafuta waliibeba kwa karai na kuimwaga uani, kisha Zeituni akaingia ndani ya tangi tupu, akapiga magoti, na kusugua kioo kwa maji ya moto. Muhidin alikuwa akimpokea ndoo. Khaemba alikuja kuangalia. Aliinama kwenye ukingo wa tangi, akatia mkono kugusa kona, na shingo yake ikawa karibu na uso wa Zeituni kiasi cha kuhesabu mikunjo. Alinuka sabuni ya kunyolea.

Zeituni alinyoosha mkono kwenye kikapu kilichoning'inizwa ukingoni. Akapapasa chini ya vitambaa. Akapapasa tena.

Khaemba alijiinua, akasema kona ile bado ina mafuta, akaenda zake.

Njiani kurudi, walipofika kwenye mtaro wa reli, Zeituni alimgeukia ndugu yake. "Kiko wapi?"

"Nimekitupa chooni jana."

Alimpiga. Alimpiga kofi kwa mkono wa kulia, akamrudia kwa wa kushoto, juu ya bandeji, na Muhidin akakaa chini kwenye majani bila kujikinga. "Ilikuwa hapa!" Zeituni alipiga mayowe, akionyesha kwa vidole. "Shingo yake ilikuwa hapa!"

"Na Wanyonyi alikuwa mlangoni," Muhidin alisema. "Tungetoka mle kwa mkokoteni, wote wawili. Ama hukumwona?"

Hakuwa amemwona. Bandeji ilianza kulowa wekundu. Zeituni alikaa kando ya Muhidin, akachana upindo wa leso yake, akamfunga upya.

Changarawe mpya waliitoa Asembo Bay, wakaichemsha, na samaki pia waliwatafuta huko huko. Mchuuzi aliyeitwa Perez, aliyekuwa akinunua samaki kwa wavuvi na kuwapeleka mjini, aliwasaidia kupata fulu wachache kwenye jerikeni.

"Mmekuja mmechelewa," Perez aliwaambia. "Zamani fulu tulikuwa tunaanika mpaka mchanga hauonekani. Sasa nyavu inaleta mbuta tu. Mbuta amemaliza wenzake."

Mbuta mdogo hakuwa taabu kupatikana. Walimpakia kwenye pipa, urefu wa mkono mpaka kiwiko, na kabla ya kufika Kisumu alikuwa amekwisha kumeza fulu wawili waliowekwa naye kwa makosa.

Jumamosi zikarudi kuwa kama zamani. Mayowe yalisikika mpaka barabarani. Kila Jumatatu Zeituni na Muhidin walikuja na mpira wao, chupa yao na ndoo zao. Zeituni alisimika chupa kwenye changarawe, kiganja kwa kiganja, toka upande mmoja mpaka mwingine, na ndani ya mpira alitazama vipande vya mapezi na macho madogo vikipita kuelekea uani, ambako Muhidin alishika ncha ya pili kwenye mtaro. Walitoa robo ya maji tu, wakarudisha maji yaliyolala pipani. Samaki hawakufa tena kwa sababu ya usafi. Walikufa kwa meno.

Lornah alikuwa akipiga deki wao wakisafisha. Alikuwa msichana wa Kombewa, mrefu, mwenye sauti ya chini. Khaemba alikuwa amempa chumba cha stoo alale, na tangu hapo akamhesabu kuwa mali yake. Wiki nyingine alikuja kazini na mdomo umevimba, wiki nyingine hakuweza kuinua ndoo. Zeituni alianza kumbebea ndoo.

Mbuta alikua. Alipokuwa akifukuza alijipiga kwenye kioo cha mbele na fremu nzima ikalia. Mvua za masika zilipoanza, Zeituni aliona ufa kwenye kona ya chini, mwembamba kama unywele. Alipitisha ukucha juu yake, na ukucha ukakwama.

"Mzee, kioo kimeanza kwenda," alimwambia Khaemba. "Tutoe maji, tukibadilishe."

"Jumamosi niko na wageni kutoka Kakamega."

"Kitapasuka."

"Ni baba yako alijenga. Ikipasuka, nitauliza damu yake."

Basi Zeituni na Muhidin wakaanza kurudisha maji pungufu kila Jumatatu, ndoo moja pungufu, kisha mbili, ili uzito upungue. Khaemba aligundua. Alimzaba Zeituni kofi mbele ya wote, akasimama pale mpaka ndoo za mwisho zikamwagwa na maji yakafika juu kabisa. Zeituni alizibeba ndoo hizo na sikio linavuma. Lornah alimsogelea akiwa na tambara la deki.

"Dada, mimi naenda," alinong'ona. "Jumatatu ijayo nikimaliza hii sakafu, napanda gari ya Kombewa. Sirudi."

"Usimwambie mtu."

"Nimekuambia wewe tu."

Lakini mpishi wa baa alimwona akikunja nguo zake, na mpishi alikuwa na mdomo.

Jumatatu hiyo Wanyonyi alikuwa ametoka na pikapu kuchukua kreti za bia. Zeituni alikuwa juu ya stuli, mkono wa kulia umezama majini mpaka kwapani, chupa kwenye changarawe. Muhidin alikuwa uani. Maji yalikuwa yameanza tu kushuka. Khaemba aliingia kutoka stoo akiwa na mfuko wa nguo wa Lornah, akaumimina sakafuni.

"Hii ni nini?"

Lornah alisimama na fimbo ya deki mkononi. "Naenda kwetu, Mzee."

"Nani alikwambia uende?"

"Naenda tu."

Alimpiga ngumi tumboni. Lornah alijikunja, Khaemba akamvuta kwa nywele akamsimamisha, akampiga tena. Zeituni alipiga kelele, "Mzee, kioo! Msogeze huko, kioo!" na hata yeye baadaye alishangaa kwamba hilo ndilo neno lililomtoka. Khaemba alimshika Lornah mabega, akamzungusha, akamtupa kwa nguvu zake zote, na mgongo wa Lornah ukapiga tangi.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama kijiti kinavunjwa. Halafu kioo chote cha mbele kikaja chini.

Maji yalimzoa Khaemba miguu akaanguka kifudifudi juu ya vipande. Stuli ilipinduka, Zeituni akatua kwenye changarawe na mawe. Alipofuta macho alimwona mbuta akijipiga sakafuni kati ya viti, na maji yaliyokuwa yakielekea mlangoni yamegeuka mekundu. Lornah alikuwa ameketi na mgongo kwenye fremu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepasuliwa upande wa ndani, toka juu ya kiwiko mpaka karibu na kiganja, na damu ilikuwa inaruka kwa vipindi. Khaemba alikuwa hatua chache mbele yake. Kipande cha kioo kilikuwa kimeingia kwenye paja, juu kabisa karibu na kinena. Alikuwa amekichomoa. Kilikuwa bado mkononi mwake.

Muhidin aliingia mbio, mpira mkononi. Aliteleza, akainuka, akawaona wote wawili.

"Wewe!" Khaemba alimwita. "Kuja hapa! Funga hii!"

Na Muhidin alimwendea. Miguu yake ilimpeleka kwa ile sauti, kama ilivyompeleka kila Jumatatu.

"Muhidin!" Zeituni alikuwa amekwisha kumfikia Lornah, ameifungua leso kiunoni na kuizungusha kwenye mkono, lakini damu ilipita katikati ya vidole vyake na kitambaa kiliteleza. "Njoo ushike hapa! Mimi siwezi peke yangu! Nikiachia, huyu anakufa!"

"Na huyu je?"

"Njoo hapa!"

Muhidin alisimama katikati, mpira umemning'inia. Khaemba alikuwa amekandamiza paja kwa mikono yote miwili. "Nitakutoa hiyo ingine," alisema. "Nakwambia nitakutoa hiyo jicho ingine, kuja hapa." Kisha akasema, "Kijana." Kisha akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Baba, tafadhali."

Muhidin alipiga magoti kwa Lornah. Aliingiza ngumi kwapani mwake, akakandamiza kama dada yake alivyomwonyesha, huku Zeituni akifunga leso, akaipitishia kipande cha fimbo ya deki na kuinyonga mpaka Lornah akapiga ukelele. Damu ikapungua. Ikasita. Walibaki wamemshika, hawakuthubutu kuachia. Nyuma yao Khaemba alisema neno moja la Kibukusu, labda jina. Zeituni alilisikia. Hakugeuka.

"Sasa nenda," alimwambia Muhidin.

Muhidin alitambaa kwenye maji akauzungusha mpira kwenye paja la Khaemba, akaukaza kwa meno na mikono. Aliukaza sana. Hapakuwa tena na kitu cha kuzuia. Macho ya Khaemba yalikuwa yanatazama dari, na mbuta alikuwa ameacha kujipiga.

Wanyonyi aliwakuta hivyo. Aliweka chini kreti aliyokuwa ameibeba, akamtazama mjomba wake, akautazama mpira kwenye paja na mikono ya Muhidin juu yake, na hakuuliza. Alichukua chupa ya bia kwenye kreti akampiga Muhidin kichwani, ikavunjika, akachukua nyingine. Muhidin alianguka kifudifudi. Wanyonyi alimwinamia na chupa ya tatu, mkono nyuma, na Zeituni akampiga kwa ndoo. Ilikuwa imejaa maji na changarawe, na aliizungusha kwa mikono miwili toka chini kwenda juu. Taya la Wanyonyi lilivunjika. Alipiga magoti, meno yakamtoka na mate, na Zeituni akainua ndoo tena.

"Dada, imetosha!" Lornah alilia kutoka pale alipoketi. "Imetosha, imetosha!"

Alimpiga tena. Ndipo akaitua.

Watu wa duka la jirani waliingia kwa sababu damu ilikuwa imefika kwenye kizingiti.

Polisi waliwachukua Zeituni na Muhidin, huyu na nyuzi mpya kichwani. Ilisemekana mjini kwamba wamemchinja Khaemba kulipiza jicho. Wanyonyi, aliyekuwa hawezi kuongea, aliitikia kwa kichwa kila alichoulizwa. Mtu alivunja madirisha yote ya nyumba ya Kaloleni na kuwasha moto barazani, na majirani wakauzima kwa mchanga. Ndani ya seli Zeituni alipigwa, na wanawake aliofungwa nao walimkanda kwa vitambaa vya maji. Alikaa huko mpaka Lornah alipoweza kusimama.

Lornah alikuja kutoka hospitali na mkono umefungwa kifuani, akaeleza jambo zima toka mwanzo: mfuko wa nguo, ngumi, kioo, nani alimtupa nani. Walimwuliza mara nyingi kwa njia nyingi. Mpishi naye, alipoona Khaemba harudi, aliungama kwamba alisikia yote akiwa jikoni. Daktari aliyeuona mwili alisema kidonda kile ni cha kioo na kwamba aliyefunga mpira alikuwa anajaribu kukiziba. Kwa kifo waliachiliwa. Kwa taya la Wanyonyi Zeituni alifungwa miezi kadhaa, na hakulalamika.

Alipotoka, Muhidin hakuwa tena Kaloleni. Alikuwa amehamia Asembo Bay, akishona nyavu kwenye banda la Perez. Zeituni alianza upya kujenga matangi, peke yake, madogo, ya watu wa nyumbani na ya shule. Alikataa kazi za baa. Mwisho wa mwezi alipanda gari kwenda kumwona ndugu yake. Mara nyingine Lornah alikuja toka Kombewa, ambako alikuwa amefungua kibanda cha kuuza mboga. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikujikunja tena, na alikuwa amejifunza kukata sukuma kwa mkono wa kushoto.

Siku moja walikuwa wote watatu pale ufuoni wakila ngege wa kukaanga. Lornah aliinuka kwenda kunawa. Muhidin alingoja mpaka akafika mbali.

"Ulijua atakufa," alisema.

"Nani?"

"Unajua nani. Uliponiita, ulijua."

Zeituni aliondoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "Nilijua mmoja atakufa."

"Alikuwa ananiomba. Aliniita baba."

"Nilimsikia."

"Bado namsikia," Muhidin alisema. "Wewe je?"

Zeituni alimtazama Lornah kule majini, ameinama, anasugua kiganja chake kibovu kwa kile kizima.

"Mara moja moja," alisema. "Kula, samaki anapoa."

Muhidin hakula. Alimsukumia sahani yake, akavuta wavu mapajani, akaanza kutafuta mahali ulipochanika.